Kidude cha Waifai Kilichonikosesha Safari ya Kisumu

 

Wengi wenu mliniuliza kwa nini sikuwemo katika basi la chama lililokwenda Kisumu mwezi wa Juni 2025, ilhali jina langu lilikuwa la nne katika orodha. Wengine walisema niliugua. Wengine (nawajua!) walisema naogopa maji ya ziwa. Ukweli ni kwamba nauli yangu ya shilingi 1,500 ilimezwa na kidude kidogo kisichozidi kucha ya kidole gumba. Kidude chenyewe ni kile cha kuchomeka kwenye tarakilishi ili ipate intaneti bila waya. Nimeombwa niandike makala ya maelezo, nami nimeona nieleze jambo hilo ambalo nimelisomea kwa pesa zangu mwenyewe.

Mama yangu ana kibanda kule Langas. Bango la nje linasema: kuchapa, kupiga kopi, picha za pasipoti, eCitizen na iTax. Mnaoijua kazi hii mnajua kwamba Juni ndiyo msimu wake wa mavuno. Kila mwenye PIN ya KRA, awe na kazi au asiwe nayo, hutakiwa awe amewasilisha taarifa yake ya ushuru kabla ya saa sita ya usiku wa tarehe 30 Juni. Na Mkenya tunamjua, yeye hungoja siku za mwisho. Kwa hiyo wiki mbili hizo mama hupata pesa za kulipia kibanda hadi Septemba, na karo yangu pia imo humo humo.

Basi, Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025, nikiwa kidato cha pili, tarakilishi ya kibanda ikagoma. (Najua mwalimu angependa niseme kipakatalishi. Mama huiita leptopu, na kwa kuwa ni yake, nitamfuata yeye.) Ilikuwa ya mtumba, yenye Windows 10, na kwa siku nyingi ilikuwa ikiwaka polepole mithili ya kinyonga apandaye mti. Siku hiyo ilifika katikati ikasimama kabisa. Hata kama ingepona, Microsoft ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo itaacha kuitunza Windows 10, na Windows 11 haikubali mashine kuukuu kama ile.

Binamu yangu asomaye Chuo Kikuu cha Moi alikuwa ametutembelea. Alitoa flashi mfukoni akasema, "Usijali, hapa nina dawa." Dawa yenyewe ilikuwa mfumo endeshi uitwao FreeBSD. Mimi sikuuchagua. Laiti flashi ile ingekuwa na Linux, ambayo ina watu wengi zaidi wanaoishughulikia, pengine ningeliona ziwa.

Kwa wasiojua, mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayozisimamia programu nyingine zote, kama mwalimu wa zamu. Windows ni mmojawapo, na Android iliyo katika simu zetu ni mwingine. FreeBSD ulianza mwaka 1993, ukiwa uzao wa kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, nao hutolewa bure. Watu wa kawaida hawaujui, ingawa wengi wetu tumeutumia bila kujua. WhatsApp, kabla ya kununuliwa na Facebook mwaka 2014, ilikuwa ikiendesha seva zake kwa FreeBSD. PlayStation 4 ambayo baadhi yenu huitorokea mchana (sitaji majina) ina mfumo uliojengwa juu ya FreeBSD. Na hapa Afrika kuna mafunzo ya wahandisi wa mitandao yaitwayo AfNOG, yaliyoanza Cape Town mwaka 2000, yakafika Nairobi mwaka 2006 na Dar es Salaam mwaka 2011. Kwa miaka mingi waliojifunza kuendesha seva humo walijifunzia kwenye FreeBSD.

Kwa hivyo si mfumo duni hata kidogo. Shida yake ni kwamba umezoea kukaa katika chumba cha seva, ukiwa umefungwa kwa waya kama ng'ombe wa zero-grezingi. Mambo ya waifai uliyaingilia baadaye.

Tuliuweka usiku. Skrini ikawa nyeusi, herufi nyeupe, hakuna picha wala kipanya. Binamu akasema picha zitakuja tukipata intaneti, kwani programu nyingine zote hupakuliwa kutoka huko. Jumapili akapanda matatu akarudi Kesses. Nami nikabaki na mashine isiyo na waifai. Nilipoiuliza ina milango gani ya mtandao (amri yenyewe ni ifconfig), ilinitajia mlango wa waya na ule wake wa ndani, basi. Waifai haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Na waya hatuna: kisanduku cha intaneti ni cha jirani mwenye duka la dawa, mlango wa tatu kutoka kwetu. Yeye hutugawia kwa shilingi 500 kwa mwezi, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kutoboa kuta.

Sasa nieleze kiini cha jambo. Ndani ya leptopu kuna kadi ndogo ya waifai, na juu ya kadi kuna chipu. Chipu ndiyo inayopokea na kutuma mawimbi. Mfumo endeshi hauwezi kuzungumza na chipu moja kwa moja. Unahitaji programu ndogo katikati, inayoijua lugha ya chipu ile. Vitabu huiita kiendeshi. Sisi tuiite dereva, kwa sababu hata matatu mpya kabisa bila dereva itabaki stejini mpaka iote nyasi. Na dereva huyu amesomea aina yake ya chipu tu. Aliyesomea moja huenda asijue hata kuwasha nyingine.

Jambo ambalo sikulijua, nalo ndilo lililoninyang'anya safari, ni kwamba jina lililoandikwa kwenye boksi si jina la chipu. Tazameni matatu kubwa za hapa Eldoret. Moja imechorwa mchezaji mpira ubavuni, nyingine mwanamuziki, taa za kila rangi, lakini chini zote mbili ni Isuzu. Zikiharibika fundi haulizi ni nani aliyechorwa. Hufungua boneti. Vifaa vya waifai ni hivyo hivyo. Kampuni kumi zinaweza kuuza vidude kumi vya majina tofauti, na ndani vyote vikawa na chipu moja. Vilevile kampuni moja inaweza kuuza kidude kile kile, jina lile lile, huku mwaka huu imetia chipu hii na mwaka ujao nyingine. Mfano unaojulikana ulimwenguni ni TP-Link TL-WN722N. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros AR9271, iliyosifiwa sana na watu wa Linux. Toleo la pili na la tatu likawa na chipu ya Realtek. Mtu akisoma sifa za lile la kwanza kisha akanunua la tatu, amenunua kitu kingine kabisa, na tofauti iliyo nje ni namba ndogo ya toleo kwenye kibandiko.

Mimi hayo sikuyajua. Jumatatu baada ya masomo nilikwenda mjini, nikaingia duka moja kando ya Barabara ya Uganda, na mazungumzo yakawa hivi:

"Nataka kidude cha waifai cha kuchomeka kwa leptopu."

"Hiki hapa siste, elfu moja na mia mbili. Kinashika kompyuta zote."

"Hata zisizo za Windows?"

"Nimekwambia zote."

Nikatoa pesa za safari. Nilijiambia kwamba mama akipata wateja atanirudishia kabla ya Ijumaa, siku ya mwisho ya kulipa nauli. Nilifika Langas nikihema, nikachomeka, taa ikawaka. Ee, furaha iliyoje! Kisha skrini ikaandika mistari michache ya Kiingereza. Niliisoma mara tatu. Mashine ilisema imepata kifaa kipya: diski.

Nilinunua waifai, nikapata diski! Baadaye nilielewa. Vidude vingi vya siku hizi vimebeba diski bandia tumboni, na ndani yake mna dereva wa Windows. Ukikichomeka kwenye Windows, dereva hujiweka mwenyewe, kisha kidude hubadilika na kuwa waifai. Ndiyo sababu ya ile sifa ya "chomeka tu". Kwenye mfumo mwingine huenda asiwepo wa kukiambia kibadilike, kwa hiyo kinakaa hapo kikijidai diski. Na hata ukikilazimisha kibadilike, bado chipu yake itataka dereva.

Kesho yake nilikirudisha. Mwenye duka alinionyesha kwa kidole maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Simlaumu sana, maana kwa wateja wake tisini na tisa kingefanya kazi. Mimi ndiye wa mia. Lakini jioni hiyo nilimkuta mama akiwaelekeza wateja wawili waende kwa jirani mwenye saiba. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilimpigia binamu. Akaniuliza, "Namba zake ni ngapi?" Namba gani? Hapo ndipo nilipoanza kusoma.

Kila kifaa cha kuchomeka kwa USB kimebeba namba mbili, kila moja ya tarakimu nne, zikiwamo herufi a mpaka f. Ya kwanza ni ya kampuni, ya pili ni ya bidhaa, nazo huandikwa zikitenganishwa na nukta mbili. Ni kama namba ya usajili ya mtahiniwa: sehemu ya mbele ni shule, ya nyuma ni wewe. Ralink ni 148f. Realtek kwa vifaa vya USB ni 0bda. Kadi zilizo ndani ya leptopu nazo zina namba zake, na huko Intel ni 8086, ambayo ni namba ya chipu yao mashuhuri ya mwaka 1978. Kumbe hata wakubwa wana utani.

Namba hizo huzipati kwenye boksi. Unamwuliza mtu aliye na tarakilishi akichomeke. Kwenye Windows, fungua Device Manager, bonyeza kifaa kwa kitufe cha kulia, tafuta sifa zake mpaka uone VID na PID. Kwenye Linux andika lsusb kwa kilichochomekwa na lspci kwa kilicho ndani. Kwenye FreeBSD ni usbconfig dump_device_desc kwa cha nje na pciconf -lv kwa cha ndani. Ukishapata namba, unauliza kama yuko dereva anayezijua.

Na madereva wenyewe uwapate wapi? Hapa ndipo nilipotaka kulia, kisha nikacheka. Wakati nilipokuwa nikihangaika mjini, orodha ya madereva ilikuwa ndani ya mashine tangu usiku wa kwanza, bila kuhitaji intaneti! FreeBSD huja na vitabu vyake. Ukiandika man -k wireless hukutajia kurasa zinazohusu waifai, na ukiandika man pamoja na jina la dereva unasoma ni chipu zipi anazozijua. Majina yao ni mafupi kama majina ya utani: run ni wa Ralink, rtwn wa Realtek, ath wa Atheros, iwn wa kadi kadhaa za Intel. Ile chipu iliyokuwa ndani ya leptopu yetu haikuwa na mtu. Niliisaka kurasa zote. Yatima kabisa.

Kwa nini iwe yatima? Ni kwa sababu kampuni nyingi hazitoi maelezo ya namna chipu zao zinavyofanya kazi. Hutoa dereva wa Windows, aliyefungwa, usiyeweza kumsoma. Wanaoutengeneza mfumo mdogo ni wachache, wengi wao wakijitolea, na hulazimika kubahatisha lugha ya chipu kwa kuichunguza. Ndiyo maana mifumo midogo huazimana. Huyo run aliandikwa na Damien Bergamini kwa ajili ya mfumo jirani uitwao OpenBSD, kisha FreeBSD wakamchukua. Kwa kadi mpya za Intel, FreeBSD tangu toleo la 13.1 la mwaka 2022 hutumia dereva wa Linux kupitia tabaka la kutafsiri. Wako hata watu wanaofungua Linux ndogo ndani ya FreeBSD, kazi yake moja tu, kushika waifai. Ni sawa na kumwalika mgeni nyumbani ili akufungulie mlango wako.

Zaidi ya dereva, chipu nyingi zinataka fimwea, yaani programu ya chipu yenyewe, ambayo dereva huipakia kila inapowashwa. Wakati mwingine dereva yupo lakini fimwea haiko, kwa sababu sheria za mwenye kampuni haziruhusu igawanywe ovyo. Basi mashine inakwambia upakue fimwea kutoka intaneti ili upate intaneti. Ufunguo wa nyumba umefungiwa ndani ya nyumba.

Kuna dirisha la kupitia, nalo nawaomba mlikumbuke: simu. Simu ya Android ikiunganishwa kwa waya wake wa kuchajia, ukawasha ile sehemu ya kugawa intaneti kwa USB, FreeBSD huiona kama mlango wa waya uitwao ue0. Nikaandika dhclient ue0, na mara ya kwanza tangu Jumamosi mashine ikafika duniani. Lakini ilikuwa simu ya mama, ndiyo anayopokelea M-Pesa ya wateja, na shilingi 300 nilizokuwa nimebakiza ziliishia kwenye bando. Usiku kucha nilipakua zile picha na kivinjari Firefox, nikapata pia orodha ndefu ya namba zinazojulikana na kila dereva. Niliinakili nyuma ya daftari la Hisabati. Mwalimu wa Hisabati, naomba msamaha, sasa umejua zile namba za ajabu zilikuwa za nini.

Siku tatu tulifanya kazi kwa simu ya mama. Akipigiwa, mteja anangoja. Ijumaa ya kulipa nauli ikapita.

Jumamosi ya tarehe 21 nilirudi mjini nikiwa na daftari na leptopu yenyewe mgongoni. Duka la kwanza walikataa kabisa nisichomeke kitu. La pili waliniuliza kama ninanunua au ninafanya mtihani. La tatu halikuwa duka hasa. Lilikuwa meza ya fundi wa simu chini ya ngazi, mzee mmoja mpole. Nilimwamkia, nikamweleza. Alivuta boksi la vidude vya zamani alivyotoa kwenye mashine zilizokufa, akasema, "Chomeka mwanangu, ukipata chako tutaelewana." Cha kwanza, hapana. Cha pili kilikuwa kimekufa. Cha tatu hakikuwa na jina lolote juu yake, plastiki nyeusi tupu. Nikachomeka, nikasoma: 148f:5370. Nikafungua daftari. Ralink RT5370, dereva run. Na kabla sijamaliza kusoma, mstari ukatokea kwenye skrini ukianza na run0. Nilipiga ukelele watu wakageuka.

Alitaka mia sita. Nilimpigia mama, akatuma.

Kuwasha kulikuwa kazi ya dakika chache. Kwenye faili ya /etc/rc.conf unaongeza mistari miwili, wlans_run0="wlan0" na ifconfig_wlan0="WPA DHCP". Kwenye /etc/wpa_supplicant.conf unaandika jina la waifai na neno la siri. Unawasha upya. Chipu hiyo ni ya zamani, inashika masafa ya 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo kisanduku chako kikiwa kinatoa 5 GHz tu, haitakiona. Cha jirani kinatoa yote mawili. Kasi yake si ya kujivunia, lakini iTax si filamu. (Habari ya printa sitaisimulia. Hiyo inataka toleo zima la gazeti hili.)

Basi la chama liliondoka Jumamosi ya tarehe 28, alfajiri. Lilipokuwa likiteremka Nandi kuelekea Kisumu, mimi nilikuwa nimekaa Langas nikimjazia mzee mmoja taarifa yake ya ushuru, naye ananisimulia habari za ng'ombe wake. Jumatatu ya tarehe 30 foleni ilifika kwenye duka la dawa. Tulifunga saa tano na nusu ya usiku, na wa mwisho alikuwa mwalimu wa shule hii, ambaye hatutamtaja.

Tarehe 1 Julai mama alinirudishia shilingi 1,500 zangu. Safari ilikuwa imekwisha, nanyi mlikuwa mkionyeshana picha. Nilirudi kwa yule fundi nikanunua kidude kingine kama kile, cha akiba. Kile kinachojidai diski ninacho bado. Na daftari lipo: aliye na mashine ya mfumo usio wa kawaida na anataka kwenda mjini kununua, aje kidato cha tatu, dawati la pili karibu na dirisha, akanakili namba kwanza.